Mkoa wa Pwani, bahari inayolishwa na mito yetu, na hesabu tusizopewa

Vijana wenzangu, mkoa wetu unaitwa Pwani na makao makuu yake yapo Kibaha, mji ambao ukitaka kuiona bahari lazima upande gari. Kisarawe nako ni hivyohivyo. Kuna vilima vya Pugu, msitu wa Kazimzumbwi, mihogo, korosho, na maji ya chumvi hakuna. Wenye bahari ni ndugu zetu wa Bagamoyo, Mkuranga, Kibiti na Mafia. Kwa hiyo nikisema leo naandika kuhusu mwani wa baharini, najua kuna kamanda ameshaanza kusogeza kidole atafute habari nyingine. Namwomba asubiri kidogo, maana habari yenyewe inaanzia nyuma ya nyumba yake.

Nimeamua kuandika kwa sababu nimechoka kusikia "uchumi wa buluu". Kila hotuba buluu, kila bango buluu. Mikopo ya boti buluu, bandari ya uvuvi kule Kilwa Masoko buluu. Tunaambiwa tuna kilomita 1,424 za pwani na ukanda wa uchumi wa bahari wa kilomita za mraba 223,000. Sawa. Lakini sekta nzima ya uvuvi, ukijumlisha na maziwa, inachangia chini ya asilimia 2 ya pato la taifa, na sehemu kubwa ya samaki hao inatoka Victoria na Tanganyika, siyo baharini. Sasa kabla ya kumkopesha kijana boti, si umwambie kwanza samaki anatoka wapi na anakuja lini? Mkulima wa Maneromango hapewi jembe la mkopo bila kuambiwa masika inaanza lini. Mvuvi anapewa.

Samaki anakula nini? Hapo ndipo pa kuanzia. Baharini kuna malisho, kama mbuga ya ng'ombe, ila majani yake huyaoni. Ni vijimea vidogo mno vinavyoelea karibu na uso wa maji, wataalamu wanaviita planktoni wa mimea. Ndio mwani mdogo kabisa, usiuchanganye na ule wa kamba wanaolima kina mama wa Zanzibar. Vijimea hivi vinatumia jua kama mchicha unavyotumia jua, na vikijumlishwa dunia nzima vinafanya karibu nusu ya kazi yote ya mimea ya kutengeneza chakula kutokana na mwanga. Vijidudu vinakula vijimea, dagaa mchele anakula vijidudu, kibua anamla dagaa, jodari anamla kibua, na sisi tunamla yeyote tunayemudu bei yake pale Maili Moja.

Malisho haya hayaoti sawasawa mwaka mzima. Yana msimu. Kuna wiki maji yanakuwa maangavu kama kioo, na mvuvi wa dagaa anakuambia hakuna kitu humu. Kuna wiki vijimea vinaongezeka ghafla mpaka bahari inabadilika rangi. Wanasayansi wanasema mlipuko wa mwani. Mimi nitasema bahari imechanua, kama mwembe, maana neno mlipuko linatisha watu bure. Mara nyingi kuchanua ni neema, na mara chache ni balaa. Nitafika huko kwenye balaa.

Wazee wetu wa pwani waligawa mwaka kwa pepo mbili, na sayansi ya leo haijawakosoa. Kuna kaskazi, takribani Novemba hadi Machi, upepo mpole, bahari imetulia na ina joto linalofika nyuzi 29 au 30. Halafu kusi, takribani Aprili hadi Oktoba, upepo mkali, mawimbi, maji yanapoa mpaka kwenye nyuzi 25 hivi. Ukitazama haraka utadhani kipindi kizuri ni kaskazi, bahari ikiwa shwari. Kwa anayesafiri ni kweli. Kwa vijimea hadithi ni nyingine. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakaa kama mafuta juu ya mchuzi, na mbolea ya bahari (naitrojeni, fosforasi, silika) inabaki chini kwenye giza. Juu kuna jua bila mbolea, chini kuna mbolea bila jua. Kusi ikivuma inakoroga hiyo sufuria. Mkondo wa bahari unaopita kwetu kwenda kaskazini nao unaongeza kasi, na sehemu kama mkondo wa Pemba maji ya chini yanapata nafasi ya kupanda. Setilaiti zinazopima kijani cha bahari, yaani klorofili, zimeiona tofauti hiyo ya misimu kwa zaidi ya miaka ishirini sasa.

Kaskazi nayo ina maua yake, na haya ndiyo yanayonifurahisha zaidi. Kuna kijimea kinaitwa trikodesmiamu. Bahari ikitulia na kupata joto, hiki kinapanda juu na kutanda kama unga wa mbao uliomwagwa na fundi seremala, michirizi ya rangi ya kahawia inayofuata upepo. Watu wengi wakiuona wanadhani meli imemwaga uchafu. Kumbe kijimea hicho kina kipaji ambacho mimea mingi haina: kinachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea. Ni kama kunde na maharage shambani. Yaani katika miezi ambayo bahari imefungiwa mbolea yake chini, kuna fundi anaitengeneza juu. Haya hayakugunduliwa Ulaya jana. Ian Bryceson alipima maji ya Dar es Salaam na vijimea vyake msimu kwa msimu na kuchapisha mwaka 1982, na mwaka 2002 Charles Lugomela na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha kazi yao juu ya trikodesmiamu kwenye maji ya pwani ya Tanzania. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo Zanzibar tangu 1978. TAFIRI ipo. Wataalamu tunao, tena wazuri. Ninachouliza ni kwa nini kazi yao haifiki kwenye simu ya mvuvi wala kwenye meza ya diwani.

Upepo hauna mbunge. Hatuwezi kuuandamania. Lakini kuna mlango wa pili wa mbolea ya bahari, na huo una ufunguo, na ufunguo uko mikononi mwa serikali. Ni mito.

Masika ikinyesha, mto unashusha tope. Sisi tunaliona tope kama hasara, na kwa mkulima aliyepoteza udongo ni hasara kweli. Lakini ndani ya tope na maji yale kuna naitrojeni, fosforasi na silika kutoka milimani. Yakifika mdomoni mwa mto, bahari inachanua. Kambamiti wadogo wanakua kwenye mikoko, dagaa wanasogea, samaki wakubwa wanafuata.

Nani alishafunga mlango huo akaona matokeo? Misri. Kila mwaka, mafuriko ya mto Nile yalipofika bahari ya Mediterania, bahari mbele ya delta ilichanua, na saladini walikuja kwa makundi. Mwaka 1962 Wamisri walivua saladini wapatao tani 18,000. Mwaka 1964 wakaanza kuyazuia maji nyuma ya Bwawa Kuu la Aswan. Mafuriko yakakoma kufika baharini, kuchanua kukakoma, na kabla miaka ya sitini haijaisha saladini walikuwa chini ya tani 1,000. Hii siyo propaganda ya mpinzani, ipo kwenye vitabu vya sayansi ya bahari dunia nzima. Uvuvi ule ulikuja kupanda tena kuanzia miaka ya themanini, na watafiti wengi wanasema mbolea mpya ilitoka mashambani na kwenye vyoo vya miji ya Misri. Fikiria hilo: bahari ilikuwa inalishwa na mafuriko, leo inalishwa na majitaka.

Sasa njoo kwetu. Kwenye mkoa wetu huuhuu, juu ya mto Rufiji, kuna Bwawa la Julius Nyerere. Megawati 2,115. Ziwa lake linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 za maji, na lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Chini yake kuna delta ya Rufiji yenye mojawapo ya misitu mikubwa zaidi ya mikoko Afrika Mashariki, na mbele ya delta kuna Mafia, yenye hifadhi ya bahari tangu 1995. Eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa Tanzania yenyewe ililiandikisha mwaka 2004 kama ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa. Pale Kilindoni watalii wanalipa dola kuogelea na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye chakula chake ni planktoni na vijidagaa. Potwe hafuati watalii, anafuata malisho.

Najua kuna mtu atasema, "Hawa wanapinga umeme." Hapana. Mimi naandika kwa umeme. Bwawa lipo, mitambo inazunguka, mgao umepungua, na hakuna kijana mwenye akili anayetaka libomolewe. Swali langu ni dogo kuliko hilo na ni gumu kuliko hilo: silika kiasi gani ilikuwa inafika baharini kabla ya Desemba 2022, na kiasi gani inafika leo? Maji yanayoachiwa yanafuata mpangilio wa mwaka kama mto ulivyozoea, au yanafuata mahitaji ya gridi? Kambamiti wa delta wanaendeleaje? Serikali ilisimamisha meli za kukokota kambamiti kuanzia mwaka 2008 kwa sababu kambamiti walikuwa wamepungua, tena kabla ya bwawa. Tulitegemea wangepata nafasi ya kupumua. Sasa kama chakula chao kimebadilika, nani anapima? Na zikipimwa, zinabandikwa wapi tuzione? Sisemi kuna maafa. Nasema trilioni 6 na ushee zimetumika kujenga, na mwananchi wa Nyamisati hana hata karatasi moja inayomwambia bahari yake itakuwaje.

Hiyo ni Rufiji. Kibaha ina mto wake, Ruvu.

Mto Ruvu unatoka milima ya Uluguru, unapita upande wetu wa Mlandizi, unaingia baharini karibu na Bagamoyo. Mitambo ya Ruvu Juu ina uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini lita milioni 270. Maji hayo yanakwenda Dar es Salaam, na mengine yanapandishwa mpaka Kisarawe. Kumbuka Oktoba na Novemba 2022, mto ulipopungua na jiji zima likawa linahangaika na madumu. Jibu la serikali ni Bwawa la Kidunda, huko juu Morogoro, lita bilioni 190 pamoja na megawati 20 za umeme. Maji tunayataka, sibishani na mama anayenunua dumu. Ila jumlisha mwenyewe: tunavuta maji mengi kwenye mto huo wakati wa kiangazi, halafu tunajenga ukuta wa kushika mafuriko yake wakati wa masika. Vitu vyote viwili vinapunguza kinachofika Bagamoyo. Dagaa mchele unaonunua kwa kopo pale soko la Loliondo, Kibaha, sehemu yake imetoka kwenye maji hayo ya Bagamoyo. Mwenye genge akikuambia "mwezi mkubwa, hawashiki taa", anasema kweli, dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza. Lakini hiyo ni sababu ya wiki mbili. Sababu ya miaka kumi iko mtoni, na mwenye genge hajaambiwa.

Na bado hatujafika Kisarawe.

Mto Msimbazi, ule unaoua watu Jangwani kila masika kubwa, unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Kizinga na Mzinga nazo zinatoka vilima hivyohivyo na kuingia upande wa bandari ya Dar es Salaam. Huko juu maji ni ya msituni. Msimbazi ukifika Vingunguti umeshabeba damu ya machinjio, ukipita Tabata na Kigogo umebeba majitaka ya vyoo visivyo na mfereji, na unapoingia baharini karibu na daraja la Selander ni supu nene ya naitrojeni na fosforasi. Kwa hiyo mkoa mmoja unaweza kuinyima bahari mbolea upande wa Rufiji, na jirani yake akaivimbisha bahari mbolea upande wa jiji. Ukisikia kwamba vitu hivi vinafidiana, usikubali. Mbolea ya mafuriko ina silika, mbolea ya choo haina ya maana. Silika ndiyo inayowajenga daiatomu, vijimea vyenye ganda kama la kioo, na hao ndio chakula bora cha kuanzia samaki. Ukiondoa silika ukaongeza majitaka, wanaochanua ni vijimea vya aina nyingine, na baadhi yao vina sumu. Bahari Nyeusi ilipitia hilo baada ya bwawa la Iron Gates kujengwa kwenye mto Danube mwaka 1972. Watafiti walichapisha mwaka 1997 kwamba silika ilipungua, daiatomu wakapoteza nafasi, na wengine wakatawala.

Hapa ndipo kwenye balaa niliyoahidi. Ndugu zetu walioko Muscat watakumbuka mwaka 2008 kuelekea 2009, bahari ya Oman na Ghuba ilipogeuka rangi kwa miezi. Samaki walikufa kwa wingi na mitambo ya kusafisha maji ya chumvi ilibidi ifungwe kwa vipindi, nchi za jangwa zinazokunywa bahari. Kwetu, Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Wataalamu wa sumu ya namna hiyo wanaihusisha na mwani wenye sumu ambao kasa anaula. Wale watoto hawakuwa na njia ya kujua. Mimi nimekulia mkoa unaoitwa Pwani na sijawahi kuona wala kusikia tangazo linalosema wiki hii maji ya sehemu fulani yana mwani mbaya, msile chaza wa hapo.

Halafu kuna joto. Mwaka 2016 Mathew Koll Roxy wa India na wenzake walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba magharibi mwa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, vijimea vimepungua hadi asilimia 20 katika miongo sita. Sababu ni ileile ya mafuta juu ya mchuzi: maji ya juu yanazidi kupata joto, upepo unashindwa kukoroga. Hiyo siyo dhambi ya chama tawala, ni ya viwanda vya dunia. Lakini kama upande wa upepo unazidi kubana, upande wa mito ndio ungetunzwa kwa mboni ya jicho.

Mbunge wa Kisarawe aliyechaguliwa tangu 2010, Selemani Jafo, alikuwa Waziri wa Nchi wa Mazingira kuanzia 2021 hadi 2024. Yaani kwa miaka mitatu waziri wa mazingira wa nchi hii alitoka kwenye chanzo cha Msimbazi. Alihimiza sana upandaji miti, nampa haki yake, miti ni kitu kizuri. Lakini Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na wa bahari. Teremka na Msimbazi kutoka Pugu uhesabu kwa hatua zako. Kuna mradi wa Bonde la Msimbazi wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, uliopitishwa 2022. Tunausikia kwenye fidia na kwenye daraja la Jangwani. Kuhusu kinachoingia baharini ni kimya. Deni hilo tutalilipa sisi wenye miaka ishirini leo, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza hata vitu visivyo na zege.

Mwaka jana nilijaribu kutafuta vipimo vya maji ya mto kwenye ofisi moja ya umma, siitaji. Nikaambiwa niandike barua, nieleze mimi ni nani na nataka za nini. Nikaandika. Nikaambiwa mhusika yuko semina. Nadhani semina hiyo ilikuwa ya uchumi wa buluu.

Kinachouma ni kwamba nusu ya kazi hii ni bure. Picha za klorofili za bahari yetu zinapigwa na setilaiti za Marekani na Ulaya na kuwekwa mtandaoni bila malipo, mtu yeyote mwenye bando anaweza kuzifungua. India walishalifanyia kazi jambo hili zamani. Kituo chao cha taarifa za bahari kilichopo Hyderabad kinachukua joto la uso wa maji na kijani cha bahari kutoka setilaiti, kinakadiria samaki watakuwa upande gani, na kinawatumia wavuvi ushauri kwa lugha zao, Kitamili, Kimalayalam, Kigujarati. Mvuvi anaokoa mafuta. Sisi Mamlaka ya Hali ya Hewa inatutangazia masika na vuli kwa Kiswahili kizuri kabisa, na inatoa tahadhari ya upepo na mawimbi. Imebaki hatua moja: kusema na malisho yako wapi.

Kwa hiyo wakati Bunge la bajeti likikaa na Wizara ya Mifugo na Uvuvi ikisoma makadirio yake, mimi nataka maswali yetu yawe mezani kabla. Ramani ya kijani cha bahari kila wiki, kwa Kiswahili, kwa ujumbe wa simu, kwenye kila mwalo kuanzia Bagamoyo hadi Mafia. Vipimo vya silika, naitrojeni na fosforasi kwenye midomo ya Rufiji, Ruvu na Msimbazi, vichapishwe kila mwezi, vya zamani na vya sasa, ili kila mmoja aone vinapanda au vinashuka. Ratiba ya maji yanayoachiwa kwenye Bwawa la Nyerere iwe ya wazi, na iwe na kipindi cha mafuriko madogo wakati wa masika kwa ajili ya delta, kwa tahadhari, maana Aprili 2024 tuliona Rufiji na Kibiti zikizama na watu hawakujulishwa vya kutosha wajipange. Kidunda ipewe sharti hilohilo kabla haijajaa, siyo baada. Na tangazo la mwani wenye sumu liwe la lazima, kama lilivyo la kipindupindu.

Kuna rafiki yangu wa Kisarawe, mwanachama mwenzetu, aliniambia haya mambo hayaleti kura. Vijana wanataka ajira, siyo planktoni. Nilimwuliza dada yake anafanya kazi gani. Anakaanga samaki Kiluvya. Bodaboda wa Picha ya Ndege anayebeba ndoo za dagaa alfajiri, kijana wa Mkuranga aliyekopa boti na sasa anakwepa simu za benki, binti wa Mafia anayeongoza watalii wa potwe, mama wa Kwa Mathias anayesaga dagaa kwa ajili ya chakula cha kuku. Wote hao mwajiri wao wa kwanza ni kijimea ambacho hawajawahi kukiona. Boti ya mkopo ikienda mahali pasipo na malisho, inarudi na deni tu.

Vikao vya baraza la madiwani hufanyika kila robo mwaka na ni vya wazi, kasoro pale wanapojifungia. Kibaha Mji, Kibaha Vijijini na Kisarawe, kila mmoja ana baraza lake. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa ipo hapahapa Kibaha, na Sekretarieti ya Mkoa inaisimamia Mafia na Kibiti kutoka jengo lisilosikia hata wimbi. Makatibu wa matawi, naomba kila tawi liandike barua moja yenye swali moja tu: maji ya Ruvu na ya Rufiji yanabeba nini kwenda baharini leo, ukilinganisha na mwaka 2021? Muhuri, tarehe, nakala ibaki kwenu. Wakijibu, tutachapisha majibu hapa kama yalivyo, hata kama yanawapamba wao. Wasipojibu ndani ya siku 30, tutachapisha barua na tarehe zake. Kaskazi inaanza Novemba, na nimeshaongea na makamanda wawili wa Bagamoyo wenye mtumbwi watakaokuwa wanapiga picha ya maji kila Jumamosi, sehemu ileile, saa ileile.